Tunapompa mkongwe 'Thank You', tumemshukuru kweli?

 

Kama unaishi huku kwetu, iwe Shinyanga mjini, Kahama au Geita, unajua kwamba ibada ya Jumapili ikiisha kuna kikao kingine kinachoanza nje ya kanisa. Akina mama wanasalimiana, watoto wanakimbizana, na wanaume wanasogea kwenye kivuli cha mwarobaini kuzungumzia mpira. Mwezi wa sita kikao hicho huwa kirefu zaidi, kwa sababu ligi imeisha, dirisha la usajili linakaribia, na kila shabiki anakuwa kocha.

Jumapili moja nilikuwa katika kikao hicho. Kijana mmoja alichukua karatasi ya matangazo ya kanisa, akaigeuza, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika "Wabaki", upande wa pili "Waondoke". Majina ya wachezaji wakongwe yakaanza kutajwa, wa Simba na wa Yanga, maana pale tupo wa pande zote mbili.

"Huyu ameisha. Winga akimpita, anabaki kusoma namba ya jezi."

"Yule anacheza tangu mimi niko darasa la tano. Apishe damu changa."

"Huyo mpe tu 'Thank You' yake, aende akafuge kuku."

Tulicheka sana. Nami nikaulizwa, nikataja jina la beki mmoja ambaye miaka michache nyuma nilikuwa nalipigia kelele hadi sauti inakauka. Nikaongeza, "Anakula mshahara wa bure." Wakaliandika upande wa "Waondoke". Nilijiona nimetoa mchango wa maana.

Upande wa mbele wa karatasi ile kulikuwa na tangazo kwamba kamati yetu ingekutana Jumanne saa kumi jioni kujadili mambo ya kwaya. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Siku ile sikuona uhusiano wowote kati ya pande mbili za karatasi ile. Leo nauona, na ndio ninaotaka tuutafakari pamoja.

Asante ya kufukuzia

Tuanze na hilo neno. Siku hizi klabu zetu zikiachana na mchezaji, huweka picha yake kwenye mitandao na kuandika kwa herufi kubwa 'Thank You'. Si jambo baya. Ni ustaarabu kumshukuru mtu aliyekutumikia. Lakini angalia neno hilo limefika wapi midomoni mwetu. Tunasema, "Fulani kapewa Thank You," na kila mtu anaelewa kwamba fulani amefukuzwa. Hakuna anayeelewa kwamba ameshukuriwa. Kijana anasikia kwamba jirani amepewa 'Thank You' kazini, anauliza, "Masikini, sasa watoto watakula nini?"

Neno la shukrani limegeuka kuwa neno la kufukuzia. Wasukuma tunasema "wabeja" mtu anapotupokea mzigo, anapotupa maji au anapotusaidia kupalilia. Hatusemi "wabeja" tukiwa tunamsukuma mtu nje ya mlango. Ukisema hivyo kwa mkono unaosukuma, aliyesukumwa atakumbuka mkono, hatakumbuka neno.

Sitaki kuwaonea mashabiki wala viongozi wa klabu. Mpira ni kazi ya miguu na mapafu, na miguu ina muda wake. Mkataba una mwanzo na mwisho. Kocha anaandika ripoti, anasema wapi anahitaji nguvu mpya, na uongozi unaamua. Timu inayowabeba wachezaji kwa huruma tu itashuka daraja, na sisi wa huku tunajua uchungu wa kushuka. Stand United, Chama la Wana, iliyotujaza pale Kambarage tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, ilishuka mwaka 2019. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ikafuata mwaka 2021. Geita Gold nayo ikashuka mwaka 2024. Kwa hiyo siwaambii viongozi wasiachane na mtu. Swali langu ni namna ya kuachana naye.

Walioachwa, na waliowapokea

Kumbuka mwaka 2020. Yanga iliachana na wachezaji wengi kwa mkupuo mmoja. Miongoni mwao walikuwamo Mrisho Ngassa, Juma Abdul na beki Kelvin Yondani, watu waliokuwa wameijua jezi ya kijani na njano kwa miaka mingi. Vijiweni maneno yalikuwa ni yale yale: wameisha, wamezeeka, damu changa ipite.

Yondani alicheza kwanza Polisi Tanzania, halafu akaja huku kwetu Geita. Alikuwa amevuka miaka 35, umri ambao kwa beki wa Ligi Kuu watu humhesabu kama babu. Geita Gold ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, msimu wa 2021/22. Mbele alikuwapo George Mpole, aliyemaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Kwenye benchi alikuja kukaa Fred Felix Minziro, ambaye naye zamani alikuwa beki wa Yanga. Timu hiyo mpya ya mji wa dhahabu ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Na Yanga? Msimu huo huo ilichukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja, ikimaliza kiu iliyoanza baada ya ubingwa wa 2017.

Naomba uyaweke mambo hayo mawili pamoja. Aliyeacha hakuharibikiwa, na aliyeachwa hakufa. Uamuzi wa Yanga kujenga kikosi upya ulizaa matunda, na mtu waliyemwacha bado alikuwa na kitu cha kuwapa watu wengine. Yale maneno yetu ya kijiweni, kwamba mtu "ameisha", ndiyo yaliyokuwa uongo. Alikuwa amemaliza sehemu moja, hakuwa ameisha.

Mfano mwingine ni wa Juma Kaseja. Mwaka 2013 Simba iliachana naye baada ya miaka mingi langoni, na nakumbuka maneno aliyotupiwa kijana yule wa Kigoma. Miaka sita baadaye, Septemba 2019, Taifa Stars ilikuwa inacheza na Burundi kutafuta nafasi ya kuendelea na safari ya Kombe la Dunia. Mechi ikaenda hadi mikwaju ya penalti. Nani alikuwa langoni? Kaseja. Tukashinda 3-0. Usiku ule sikumsikia mtu akisema ameisha. Tuliosema hivyo zamani tulikuwa wa kwanza kuimba jina lake.

Walawi wa miaka 50

Ndugu msomaji, Biblia haina aibu kuzungumzia kustaafu. Fungua Hesabu 8:24-26 ukaisome mwenyewe leo jioni. Mungu anampa Musa utaratibu wa Walawi. Mlawi anaanza kazi ya hema akiwa na miaka 25. Akifika 50 anaiacha kazi ile ya nguvu. Na kazi ile haikuwa nyepesi: kulibomoa hema, kusafiri nalo jangwani, kulisimamisha tena, na wengine kubeba vyombo vitakatifu mabegani. Mungu mwenyewe anasema mwenye miaka 50 apumzike. Kumbe kumwambia mtu mzima atue mzigo si dhambi. Ni amri ya Mungu, na ni huruma kwa mabega yake.

Lakini amri haiishii hapo. Mlawi huyo hafukuzwi hemani. Anabaki na ndugu zake, anawasaidia katika kulinda hema na kusimamia utaratibu wake. Mzigo umetoka begani, yeye hakutoka nyumbani mwa Bwana. Mungu aliutenganisha mzigo na mtu, wakati sisi tunavitupa vyote viwili kwa pamoja.

Sasa twende kwa Daudi, 2 Samweli 21:15-17. Tunapenda kuhubiri Daudi kijana aliyemwangusha Goliathi. Hatuhubiri sana Daudi huyu mwingine. Amekuwa mtu mzima, anakwenda tena vitani na Wafilisti, na katikati ya mapigano nguvu zinamwishia. Jitu moja liitwalo Ishbi-benobu linamwona amechoka, linataka kumuua. Abishai mwana wa Seruya anaruka, anamwokoa mfalme wake na kulipiga lile jitu. Baada ya hapo watu wa Daudi wanamwapia kwamba hatatoka nao tena vitani.

Daudi naye alipewa 'Thank You'. Lakini tazama walivyoifanya. Kwanza, walimwokoa kabla ya kumwachisha. Hawakusimama pembeni wakicheka mguu wake ulivyokuwa mzito. Pili, walimwambia usoni, hakusikia kwa watu wa sokoni. Tatu, sababu waliyompa ilikuwa thamani yake: walimwita taa ya Israeli, wakasema hawataki izimike. Hawakumwambia kwamba amekuwa mzigo. Walimwambia kwamba ni wa thamani mno kupotea kwa mkuki.

Na ukigeuza ukurasa, sura ya 22, unakuta Daudi anaimba. Mkono ulipoacha upanga, sauti haikunyamaza.

Jumanne saa kumi jioni

Nirudi kwenye ile karatasi ya matangazo.

Jumanne kamati ilikutana. Ajenda ilikuwa mwalimu wetu wa kwaya. Ni mzee ambaye nyimbo nyingi tunazoziimba tulifundishwa na yeye, mstari kwa mstari, wengi wetu tukiwa watoto. Sauti yake imeanza kukatika. Vijana wanataka kinanda na spika, yeye anataka noti za do, re, mi. Ukweli ni kwamba kwaya ilikuwa imeanza kupungua na mabadiliko yalihitajika. Hilo silikanushi hata leo.

Ila nilisikia namna tulivyokuwa tunaongea. "Mzee ameisha." "Apishe damu changa." Maneno ya mwarobaini yaliingia kamatini bila kubisha hodi, na hakuna aliyeshtuka, hata mimi, kwa sababu ndimi zilikuwa zimeshayazoea. Tuliandika barua. Ilianza kwa kumshukuru kwa utumishi wake, ikamalizika kwa kumjulisha kwamba kuanzia mwezi unaofuata atakuwapo mwalimu mwingine. Tukampa kijana mmoja aipeleke nyumbani kwake, kwa pikipiki. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda.

Jumapili iliyofuata mzee alikuja, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Jumapili ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Ya nne nikashindwa kulala, nikaenda.

Nilimkuta amekaa nje, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakunigombeza. Alimwita mjukuu wake alete maji. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya pamba, na mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mwishowe akanisaidia yeye.

"Kuacha sikukataa," alisema. "Kifua changu nakijua. Nilikuwa nangoja mje tuongee, niwakabidhi."

Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na madaftari saba. Nyimbo zote zilikuwamo, noti za sauti zote nne zimeandikwa kwa mkono wake, nyingine kwa Kisukuma, nyingine ambazo kwaya yetu haijaziimba tangu nikiwa mtoto. Hakuna mtu katika kamati aliyejua kama madaftari yale yapo. Hatukuuliza. Tulikuwa na haraka ya kumshukuru.

Niliomba msamaha, akaupokea. Amerudi kanisani, ingawa bado anakaa kiti kile cha nyuma. Daftari moja amempa mwalimu mpya. Sita bado anayo, na nadhani anatupima kwanza. Ana haki ya kutupima.

Ulimi haubaki uwanjani

Utasema, mwandishi, mbona unakuza mambo? Mpira ni utani tu. Kweli, utani ni sehemu ya raha yake, nami sitaacha kutaniana na watani zangu. Lakini ulimi uliozoea kumwita mtu mzigo haubaki uwanjani. Unakufuata kazini, kanisani na nyumbani.

Kanda yetu hii ni ya migodi. Tunajua maana ya mtu kupimwa kwa nguvu zake. Mwaka 2017 Bulyanhulu ilipopunguza shughuli zake, na mwaka 2021 Buzwagi ilipomaliza uzalishaji, wapo watu wazima waliorudi nyumbani wakiwa na barua mkononi. Kwenye machimbo madogo hakuna hata barua. Mtu aliyeshuka kwenye duara kwa miaka 20, kifua kikishajaa vumbi la mawe, anaambiwa akae pembeni. Lakini mara nyingi ni yule anayejua kuyasikiliza matimba yanapolia, na kujua lini watu wapande juu kabla mwamba haujashuka. Ukimtupa pamoja na kifua chake, umetupa na masikio yake. Siku moja watoto wako watayahitaji masikio hayo.

Kuna jambo zito zaidi, na naliandika kwa huzuni. Mkoa wetu na mikoa jirani imebeba kwa miaka mingi jina baya la mauaji ya vikongwe. Bibi zetu waliopika maisha yao yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, macho yakawa mekundu kwa moshi wa kutulisha sisi, wameitwa wachawi kwa macho hayo hayo. La hasha, sisemi kwamba shabiki anayemtaja beki mzee ni sawa na muuaji. Nasema kwamba nchi yenye jeraha kama hili haiwezi kuchezea maneno ya kuudharau uzee. Kabla panga halijainuliwa juu ya mzee, maneno yalitangulia: amezidi kuishi, anatuzibia njia, aondoke. Mkristo wa Shinyanga na Geita anapaswa kuwa wa mwisho kuyatamka maneno hayo, na wa kwanza kumsimamisha anayeyatamka.

Tufanye nini wiki hii?

Nina mambo matatu ya kukuomba.

La kwanza, kama wewe ni kiongozi wa kikundi, kwaya, jumuiya, ofisi au timu ya mtaani, na kuna mtu mzima ambaye muda wake wa kutua mzigo umefika, nenda mwenyewe. Usitume barua na pikipiki. Kaa kwenye kiti atakachokupa, unywe maji yake, umwambie ukweli usoni kama watu wa Daudi. Ukweli uliosemwa kwa heshima huuma, lakini hauachi kidonda kile kinachoachwa na dharau.

La pili, kabla hujamwambia asante, muulize ana nini cha kukabidhi. Uliza madaftari yako wapi. Halafu mpe nafasi yake karibu na hema kama Mlawi wa miaka 50: awalee vijana, ashauri, aombee, alinde mlango. Na ukishampa nafasi hiyo, iheshimu. Usimpe cheo cha mshauri halafu usimtafute hata siku moja.

La tatu ni kwako wewe ambaye karatasi ya "Waondoke" imekufikia. Labda umestaafu mwaka huu. Labda nafasi yako kanisani wamempa kijana uliyembatiza. Najua inauma. Katika Zaburi ya 71 yupo mzee anayemwomba Mungu asimtupe wakati nguvu zinapopungua, na anaeleza kwa nini anataka kuendelea kuishi: bado hajamaliza kukisimulia kizazi kinachokuja matendo ya Mungu. Mzee yule alijua kazi yake imebadilika na haijaisha. Usiyafungie madaftari yako kwa hasira. Waliokukosea si wote watakaoziimba nyimbo hizo. Wapo watoto ambao hawajakukosea lolote.

Na kwetu sote, mwezi wa sita utakuja tena. Tutakaa chini ya mwarobaini, tutabishana nani abaki na nani aondoke, na ni sawa. Mimi nitakuwapo. Ila nimejiwekea sharti moja: kila jina nitakalolitaja upande wa "Waondoke", nitataja kwanza siku moja ambayo mtu huyo alinipa furaha. Yule beki wangu, kwa mfano, nimeshaikumbuka siku yake. Ilikuwa mvua kubwa, dakika za mwisho, na aliuzuia mpira kwa uso wake.

Tuombe. Bwana Mungu wetu, wewe hutupimi kwa miguu yetu. Tufundishe kumtua mwenzetu mzigo bila kumtupa. Uwakumbuke wazee wetu wanaokaa viti vya nyuma, na utupe ujasiri wa kwenda kukaa karibu nao. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Leo ukitoka ibadani, kabla hujafika kijiweni, angalia kiti kile cha nyuma karibu na mlango. Kama kuna mzee, msalimie, na umuulize jambo moja analolijua.

Jumapili njema.